Kabla Hujapanda Lori la Makuruta

Mpwa wangu amepita usaili wa kujiunga na jeshi la Uganda. Alikimbia, akapimwa, jina likasomwa, na sasa anahesabu siku za kwenda mafunzoni. Jana alinipigia simu kuniuliza anunue buti gani. Nikamwambia asinunue buti.

Mimi nilinunua. Niliuza mbuzi wangu wa pekee, nikarudi na buti nyeusi za kung'aa, ngumu kama ubao, na nikaondoka nazo mguuni. Siku ya tatu ya mchakamchaka visigino vilikuwa vimechunika hadi soksi ikagandia kwenye nyama. Viatu jeshi linavyo. Nyayo ndizo unazotakiwa kwenda nazo. Kwa hiyo mpwa wangu kila alfajiri anavaa gambuti kuukuu za shambani, zile zile anazopalilia migomba, anakwenda mwendo wa haraka kilomita 5 na kurudi. Kucha za miguu anakata fupi, zilizonyooka. Lengelenge likitokea, ngozi yake haibanduliwi, inaachwa ilinde kidonda. Afadhali yamtoke sasa, akiwa na beseni la maji ya chumvi na mama wa kumpikia uji.

Jambo la pili ni masikio. Jeshi la Uganda huamrisha kwa Kiswahili, desturi iliyoanza tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Mimi nimekulia Masaka, na bibi yangu aliamini Kiswahili ni lugha ya majambazi (wazee wengi wa Buganda walisema hivyo, wakikumbuka askari wa miaka ya 1970). Basi nilifika nikijua "jambo" na "lete pesa". Afande akapaza sauti: "Kulia, geuka!" Kikosi kizima kikageuka, nami nikajikuta pua kwa pua na kijana kutoka Arua, mwana wa Kiswahili tangu utotoni, anajizuia kucheka huku jasho linamtoka. Nilipiga push-up hadi mikono ikakataa. Wewe jifunze mapema: mguu sawa, mguu pande, kushoto, kulia, nyuma geuka, na hesabu kuanzia moja hadi mia. Washa redio ya Kiswahili unapoosha vyombo. Na kila anayekuamuru ni afande, hata akiwa mdogo wako kwa miaka minne.

Karatasi hazina maneno mengi: kitambulisho cha taifa, vyeti halisi, barua ya LC1 (baraza la kijiji), na nakala za vyote zibaki nyumbani. Akitokea mtu anayedai shilingi ili "akusukumie" jina, huyo ni tapeli. Kuandikishwa jeshini ni bure.

Madeni lipa kabla ya kuondoka. Ukiwa kwenye kambi ya makuruta ya Kaweweta huko Nakaseke hutaweza kumtuliza mwenye duka.

Halafu kaa na mama yako, umweleze taratibu kwamba simu yako itazimwa kwa miezi, na kwamba kimya si msiba. Mimi sikumweleza wangu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1 mara tatu kuuliza kama nimekufa, na mara ya tatu alibeba kuku, akidhani mwenyekiti anaficha habari. Yule kuku aliliwa. Hadi leo mwenyekiti akiniona sokoni hunipigia saluti kwa mkono wa kushoto.