Eva Palmer-Sikelianos: mwalimu au mfadhili tu?

Ndugu, umeuliza kama Eva Palmer-Sikelianos anastahili kukumbukwa kama mwalimu wa ngoma na tamthilia za Kigiriki, au alikuwa tajiri wa Kimarekani aliyegharimia tu matamasha ya Delphi, mahali pa kale huko Ugiriki, ya mwaka 1927 na 1930. Ni kweli kwamba fedha zake ziliteketea huko na kumwachia madeni, lakini kwa maoni yangu alikuwa mwalimu kwanza.

Tazama alivyoiandaa korasi, yaani kundi la waimbaji na wachezaji, ya *Prometheus Aliyefungwa*, tamthilia ya Mgiriki wa kale Aeschylus. Mienendo ya wasichana aliitoa kwenye michoro ya vyungu vya kale, ambamo kichwa na miguu huelekea upande ilhali kifua kinamkabili mtazamaji, kisha akawafundisha kuimba na kucheza kwa wakati mmoja, jambo ambalo majumba ya maonyesho ya siku zile yalikuwa yameliacha kwa kuwagawa waimbaji na wachezaji. Muziki ulitungwa na Konstantinos Psachos, bingwa wa nyimbo za kanisa la Bizanti (dola ya Kikristo ya Wagiriki ya zama za kati), ambaye Eva mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Hata mavazi aliyafuma kwa mkono kwenye kitanda cha mfumi, ili mikunjo ifuate mwili unapogeuka. Mfadhili wa kawaida angeagiza kwa fundi.

Kiongozi wa korasi hiyo, Koula Pratsika, baadaye alifungua shule yake Athens, ambayo hatimaye aliikabidhi kwa serikali ya Ugiriki ikawa shule ya taifa ya ngoma.