Maswali yenu ya Scrabble: pointi za sasa na kete zinazobaki

Wiki hii maswali yametoka Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi na Nachingwea, mengi kutoka kwa vijana wanaojiandaa kuingia mashindanoni kwa mara ya kwanza. Kwa msomaji mgeni: Scrabble ina kete 100 na ubao wa miraba 15 kwa 15, na kila mchezaji hushika kete 7. Unapanga neno la Kiingereza ubaoni, unahesabiwa pointi za herufi zake, kisha unachota kete nyingine mfukoni. Mashindano mengi ya kimataifa hufuata orodha ya maneno ya Collins, wachapishaji wa kamusi za Kiingereza.

Shikamoo mwalimu. Nikiona neno lenye pointi nyingi kuliko yote, kuna sababu gani ya kuliacha? Kaka yangu anasema nina pupa. (Mwanafunzi, Shangani, Mtwara)

Marahaba. Kaka yako ameona jambo, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mechi nyingi zinapopotea.

Tuseme wewe ndiye unayeanza, na mkononi una A, E, K, R, S, T, W. Unaona TWEAKS. Neno la kwanza lazima lipite mraba wa katikati, na mraba huo unazidisha neno mara mbili. Ukianzia hapo katikati kwenda kulia, K inaangukia mraba unaozidisha herufi mara mbili, kwa hiyo unapata pointi 36. Sasa iache S. TWEAK, mahali pale pale, inakupa 34. Umepoteza pointi 2, lakini umebaki na R na S badala ya R peke yake.

S ziko 4 tu katika mfuko mzima. Ukiwa nayo unaweza kuibandika mwisho wa neno lililopo ubaoni huku ukijenga neno lako jipya, na pointi za yote mawili zinakuwa zako. Zaidi ya hapo, S inarahisisha kumaliza kete zote 7 kwa mpigo mmoja, jambo linalokuletea bonasi ya pointi 50. Wachezaji wazoefu hawaitoi S mpaka iwaongezee pointi 8 hivi kuliko neno lisilo na S. Kete tupu, ile isiyo na herufi ambayo unaigeuza kuwa herufi yoyote, wanaidai pointi 25 au 30 zaidi. Ziko 2 tu. Ukimwona mtu anaitumia kete tupu kupata neno la pointi 19, jua amekuachia mlango.

Utaniuliza, je, TWEAK haimwachii mpinzani nafasi ya kuweka S yake mwisho? Inamwachia. Lakini moja kati ya hizo 4 umeishika wewe, na anaweza asiwe nayo hata moja. Hiyo ni hatari ninayoikubali bila kusita.

Wazee wa bao pale Mikindani wana tabia hiyo hiyo: mtu akiwa na njia mbili za kula, haangalii tu ipi inakula kete nyingi, anaangalia pia upande wake utabaki na nini. Kwa hiyo kabla hujaweka neno, tazama kibao chako, kile unachopangia kete zako, na ujiulize: kete zitakazobaki zinaelewana? Mchanganyiko wa A, E, I, N, R, S, T ni mzuri. U mbili pamoja na V na W ni mzigo, hata kama neno ulilocheza limekupa pointi 30.

Ila usivuke mpaka wa upande wa pili. Wako wanaotunza kete nzuri zamu baada ya zamu wakisubiri bonasi, wanacheza pointi 6, pointi 8, na mpinzani anazidi kwenda. Tofauti ikiwa ndogo, tunza kete. Tofauti ikiwa pointi 15 au 20, chukua pointi.

Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Kuna maana kweli kushindana na watu waliosoma shule za kimataifa? (Kijana, Masasi)

Ipo, tena kubwa. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno. Mwaka 2024 akarudia jambo hilo kwa Kihispania. Ubaoni neno linahesabiwa kwa kuwa limo katika orodha. Hakuna anayekuuliza maana yake wala lafudhi yako.

Na usidhani ni lazima ujue maneno marefu. Mwaka huo huo wa 2015, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza. Wanijeria wamejulikana kwa kuthamini maneno ya herufi 4 na 5, wakibakiza kete nzuri mkononi na kumnyima mpinzani nafasi. Ni mtindo unaomfaa sana mtu wa hali yako.

Anza na maneno ya herufi mbili. Toleo la Collins la 2019 lilikuwa nayo 127, na mwanafunzi makini anayamaliza ndani ya wiki chache. Ukiyashika unaweza kulaza neno lako sambamba na lililopo, herufi zikagusana na kuzaa maneno mafupi matatu au manne kwa zamu moja. Kisha nenda kwenye herufi tatu. Maneno mengine unayo tayari tangu nyumbani: UGALI, NGOMA, KANZU, PANGA, ASKARI, MZEE na UJAMAA yote yamo katika orodha ya Collins. KANZU peke yake, bila mraba wowote wa kuzidisha, ni pointi 18.

Mwalimu, nikishika Q bila U nifanyeje? (Dada, Lindi mjini)

Jifunze QI leo hii, halafu QAT, QAID, QANAT na FAQIR. QI itakuokoa mara nyingi kuliko mengine yote. Usipoona nafasi ndani ya zamu mbili hivi, na mfuko bado una kete 7 au zaidi, badilisha kete. Zikipungua hapo kanuni haikuruhusu tena. Usifike nayo mwisho. Mpinzani akimaliza kete zake mfuko ukiwa mtupu, anapewa pointi za kete zako mara mbili, na Q ni 10. Hizo ni 20 za bure.

Mpinzani ameweka neno nisilolijua, uso wake haujabadilika kabisa. Nipinge au ninyamaze? (Mchezaji, Nachingwea)

Uso wake uache. Kuna watu wanaoweka neno feki wakiwa wametulia, na wengine wanatetemeka wakiwa na neno halali. Fanya hesabu.

Kwanza ulizeni kanuni kabla ya mechi, maana inabadilisha kila kitu. Kwenye mashindano mengi ya kimataifa, ukipinga neno halali unakatwa pointi 5. Marekani unapoteza zamu nzima, na hiyo ni adhabu nzito zaidi.

Chukua kanuni ya pointi 5. Neno lake limempa pointi 70. Likiwa feki, anaondoa kete zake, anapata sifuri, na zamu inakuja kwako. Likiwa halali, wewe umepoteza 5. Kwa hesabu hiyo, hata kama unaona uwezekano wa neno kuwa feki ni mmoja kati ya 14, kupinga kunalipa. Neno la pointi 12 ni habari nyingine: hapo uwe na shaka ya kweli kabla ya kuita mwamuzi. Kwa kanuni ya Marekani, pinga pale tu unapokaribia kuwa na uhakika, au neno lenyewe likiwa ndilo litakaloamua mechi.

Ukihitaji kufikiri, mwambie asubiri kabla hajachota kete mpya. Akishachota kwa utaratibu, umechelewa.

Niko mbele kwa pointi 60. Nafunga ubao au naendelea kama kawaida? Na nikiwa nyuma? (Mwalimu wa sekondari, Mtwara)

Inategemea mfuko, mwalimu mwenzangu. Kete 50 zikiwa bado mfukoni, pointi 60 si kitu. Mpinzani anahitaji bonasi moja tu, 50 pamoja na pointi za neno lenyewe, amekufikia na kukupita. Ukianza kufunga mapema hivyo unajinyima mwenyewe. Cheza kawaida.

Mfuko ukishuka kwenye kete 20 hivi, hapo ndipo ubadilike. Tafuta mahali ambapo neno la herufi 7 linaweza kulala, upazibe hata kama unapata pointi 14 badala ya 22. Lenga maneno yasiyopokea S mwishoni. Kaa mbali na mistari inayofika kwenye mraba mwekundu, ule unaozidisha neno mara tatu.

Ukiwa nyuma, geuza. Usifungue njia moja, kwa sababu ataiziba. Fungua mbili: kwa zamu moja anaweza kuziba moja tu.

Ila yote haya ni kubahatisha kama huhesabu kete zilizotoka. Kanuni inaruhusu uwe na karatasi yenye herufi zote 100 na kuzikata kadiri zinavyowekwa ubaoni. E ziko 12, A na I ziko 9 kila moja, O ziko 8, U ziko 4. Mfuko ukiisha, herufi ambazo hukuzikata na huna wewe mkononi, anazo mpinzani, kete kwa kete. Nimewaona wachezaji wenye msamiati mkubwa wakiangushwa dakika za mwisho na mtu aliyejua kuwa V imeganda mkononi mwao.

Nimeshazidiwa pointi 150. Kuna haja ya kuhangaika? (Mchezaji, Mikindani)

Ndiyo. Wachezaji wakilingana kwa ushindi, nafasi huamuliwa na tofauti ya pointi katika mechi zote. Kushindwa kwa 70 na kushindwa kwa 150 si sawa. Saa nayo uiangalie: kila mtu ana dakika 25, na kila dakika ya ziada hukatwa pointi 10.

Kwa nini tusicheze kwa Kiswahili? (Wanafunzi, Lindi)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Seti ya Kiingereza haitufai ilivyo. Ina K moja tu na M mbili, wakati Kiswahili hakiendi hatua mbili bila herufi hizo. Ina A 9, nasi maneno yetu yanaishia kwa irabu. Q na X hatuna kazi nazo, na C haisimami bila H.

Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alipanga idadi ya kete kwa kuhesabu herufi katika ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times. Chukueni gazeti la Kiswahili, gawaneni kurasa, hesabuni. Herufi inayotokea mara nyingi ipewe kete nyingi na pointi chache; ya nadra ipewe kinyume chake. Kete zikateni kwenye boksi gumu.

Mtakapokwama ni kwenye vitenzi. Kamusi inaandika "pika", lakini anapika, hatukupika na watakaompikia nazo je? Mkiruhusu zote, hakuna orodha itakayotosha na kila neno litazua ubishi. Mimi ningeanza na yale tu yanayoonekana kama vidahizo kwenye kamusi, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa maana, pamoja na wingi wa nomino. Chezeni hivyo muhula mmoja, mwandike kila ubishi unaotokea, kisha mnitumie hesabu zenu za herufi. Nitazichapisha hapa ili shule nyingine zilinganishe na za kwao.