Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mshauri wa Ndoa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni lazima mshauri wa ndoa mtakayemwendea huko Baltimore, Marekani, awe mtu mweusi kama anavyotaka mumeo, na kama kumpelekea mgeni mambo ya chumbani si kuwavunjia heshima wazee waliowaozesha.

Nianze na wasiwasi wa mumeo, kwa sababu naona umekuwa mwepesi wa kuuita ukaidi. Mkwe wangu ni Mmarekani mweusi. Miaka niliyofundisha maadili ya uuguzi tulisoma habari za Tuskegee, jimboni Alabama, ambako tangu 1932 hadi 1972 maofisa wa afya ya umma waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, huku wakiwaficha ukweli wa ugonjwa wao, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Na mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright alikwisha kuandika kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili. Aliyelelewa na wazee wenye kumbukumbu hizo ana haki ya kuhoji kabla ya kumfungulia mtaalamu moyo wake, na mshauri anayefaa hatachukizwa.

Rangi ya ngozi basi inasaidia, lakini haitoshi. Ninyi nyote wawili ni weusi, na bado mnagombana kwa ajili ya ada ya shule unayomtumia mtoto wa marehemu shangazi yako. Mshauri mweusi mzaliwa wa huko anaweza kukwambia ujiwekee mipaka na ndugu, kana kwamba mtoto huyo ni wa jirani. Mwingine, ambaye wazazi wake walitoka Meksiko au India na walikuwa wakituma fedha kwao, huenda akakuelewa kabla hujamaliza kueleza. Mpigieni simu kwanza, mwulizeni amewasaidiaje wanandoa wanaotunza ndugu walio mbali, na hufanya nini mteja akimsimulia ubaguzi wa kazini. Akijibu tu kwamba kwake watu wote ni sawa, tafuteni mwingine.

Kuhusu wazee, usiwe na hofu. Kikao chao nakiheshimu, ila katika vingi nilivyohudhuria mke ndiye aliyeambiwa avumilie, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Mshauri hutakiwa kutunza siri, isipokuwa katika hali chache, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Suala la ada lizungumzeni huko kwa uwazi, hata nitajwe mimi niliyekuomba uibebe. Mkikubaliana ipunguzwe, niandikie, nami nitamweleza baba yake mtoto.

Mama yako