Kabla ya sufuria, semeni moto utatoka wapi

Swali lenu la juma hili linatutaka tutaje chombo kimoja cha kupikia ambacho mtu hawezi kukiacha nyumbani anapokwenda kulala mlimani. Nimeyasoma majibu ya kwanza mliyochapisha, na karibu yote yanataja jiko dogo la gesi na sufuria ya titani iliyoagizwa Ulaya. Hilo limenigusa panaponiuma, kwa sababu asiyetufahamu akiyasoma atadhani kwamba watu wa Goma hawakujua kupika nje ya nyumba mpaka walipoletewa jiko la kukunja. Mji huu ulipika kando ya barabara mwezi Januari 2002, lava ilipopita katikati yake hadi ziwa Kivu, na ukapika hivyo tena mwezi Mei 2021, familia zilipokimbilia Sake, Rutshuru na Rwanda zikiwa na sufuria moja, bidoni moja na godoro. Nitalijibu swali lenu, ila naomba niligeuze kidogo: kabla ya kutaja chombo, semeni moto wake utakula nini, na mgongo wa nani utaubeba.

Chukueni mfano wa Nyiragongo, mlima wa volkeno tunaouona kila asubuhi. Kabla haujafungwa kwa wapandaji baada ya mlipuko wa 2021, aliyeupanda alianzia Kibati, kwenye kituo cha walinzi wa mbuga ya Virunga, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alifika ukingoni mwa shimo la volkeno kwenye mita 3,470. Hakuna chemchemi njiani wala huko juu, kwa hiyo kila lita ya maji ni kilo nzima iliyopandishwa na mtu tangu chini. Tena, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, takribani digrii moja pungufu kwa kila mita 300. Hapa mjini, kwenye karibu mita 1,500, yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kule ukingoni yanachemka kwenye 88 au 89. Utayaona yanatokota, mvuke utapanda, nawe utaongeza maji na moto saa baada ya saa, na maharagi yatabaki magumu. Anayepima uzito wa sufuria kwa gramu huku akibeba maharagi mabichi amepima kitu kisicho na maana.

Nasema haya kwa sababu nililala ukingoni pale, miaka kadhaa kabla ya mlipuko wa 2021, pamoja na vijana wa parokia yetu, na mpishi wetu alikuwa mama jirani anayeuza chakula katika mtaa wa Birere. Alikubali kupanda kwa sharti moja, kwamba orodha ya vyakula aiandike mwenyewe. Maharagi aliyachemsha nyumbani kwake tangu jioni ya kuamkia safari mpaka yakaiva kabisa, akayamwaga maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe na kuyafunga katika ndoo ndogo yenye mfuniko. Vitunguu na nyanya alivikaanga katika mawese mpaka vikawa uji mzito, akautia katika chupa ya mdomo mpana. Sombe, yaani majani ya mhogo, aliikataa, kwa kuwa inataka moto mrefu na hakuna atakayemlipa mtu apandishe makala, yaani mkaa, kwa ajili ya majani. Alichukua sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, unga wa mhogo uliochanganywa na wa mahindi, karanga za kusaga, na unga wa masoso kwa uji wa asubuhi. Kila kitu kilichohitaji saa nyingi kilikuwa kimekwisha kupikwa kabla hatujaondoka nyumbani; mlimani kulibaki kupasha moto na kusonga.

Vyombo vyake vilikuwa sufuria mbili za alumini zilizoingiana, mwiko mmoja wa mti, kisu, vijiko, vikombe vya plastiki na mbabula ya bati, yaani jiko la makala. Mbabula na nusu gunia la makala vilibebwa na mpagazi aliyetutangulia tangu mwanzo mpaka ile sehemu ya mwisho, ambapo mlima unasimama wima na mawe yanateleza chini ya mguu. Sisi, wenye mikoba mepesi, tulipumzika kila tulipofika kivulini. Yeye alipumzika mara chache, akiwa amesimama, kwa kuwa mzigo ule ukiutua ni taabu kuurudisha mgongoni.

Kati yetu alikuwapo kijana mmoja aliyeletewa jiko dogo la gesi na shemeji yake anayeishi Ubelgiji. Tulipofika juu, upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa shimo na baridi ilikuwa imeanza kushuka. Kijana akafungua jiko lake karibu na Mama.

“Mama, acha nikuchemshie maji.”

“Mwanangu, hicho ni cha chai. Watu hawa wametembea, watataka bugali.”

Alikuwa na haki. Upepo uliuyumbisha ule mwali mdogo ukawa unalamba kando ya sufuria badala ya kuipasha kitako, na kopo la gesi likapoa mpaka likatoka umande. Gesi inapotoka kopo hujipoza lenyewe, na butani ya kawaida haigeuki mvuke ikikaribia digrii sifuri. Ndiyo maana makopo ya milimani huchanganywa isobutani na propani, zinazovumilia baridi kuliko butani. Wakati huo makala ya Mama yalikuwa yameshika. Alipasha maharagi, akasonga bugali huku kijana mwingine akiishika sufuria kwa vipande viwili vya kitenge, na tukala sote, na wapagazi na walinzi pamoja nasi, tukitazama wekundu wa ziwa la lava ukipanda na kushuka juu ya moshi. Hata leo naona kwamba hakuna jiko la kukunja ambalo lingebeba sufuria ile na nguvu ya mkono ule uliokuwa unasonga.

Usiku mvua ikaja, tukaingia katika vibanda. Baridi ilikuwa kali, nguo zilikuwa na jasho la kupanda, na mmoja wetu akaishika mbabula, ambayo bado ilikuwa na makala mekundu, akitaka kuiingiza ndani tuote. Mama akasimama mlangoni. “Makala hayalali na watu,” akasema, akaichukua, akaiweka nje mvuani mpaka ikazima. Wapo walionung'unika. Mimi nilimshukuru usiku uleule, na ningependa kila msomaji wenu amsikie. Sisi wa Goma tunayaogopa mazuku, yale mabonde yenye hewa ya sumu. Tunawakataza watoto kushuka katika mabonde ya lava ya upande wa Sake asubuhi na mapema, kabla upepo haujavuma, kwa sababu tunajua kwamba kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa na hutuama mahali pa chini. Lakini watu walewale huingiza mbabula chumbani usiku wa mvua na kufunga dirisha. Monoksidi ya kaboni inayotoka katika makala haina harufu wala rangi, haisubiri mtu ashuke bondeni, huenea chumba kizima na kuchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Hema ni dogo kuliko chumba, na kibanda cha mlimani ni hivyohivyo. Wala gesi haina msamaha katika jambo hili: jiko lolote linalowaka ndani ya hema lililofungwa linaweza kutoa sumu ileile.

Asubuhi makala yote yalikuwa yamelowa, kwa kuwa gunia lilikuwa limeachwa nje ya kibanda. Mama alijaribu kwa karatasi, kwa vijiti vya kiberiti, kwa mafuta kidogo ya mawese, na moshi tu ndio uliopanda. Hatukuweza kutafuta kuni, maana kukata mti katika mbuga kumekatazwa, na kule juu miti yenyewe haipo. Hapo ndipo alipogeuka kwa yule kijana na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mwanangu, lete kile chako.” Kijana alikuwa amelala na kopo lake ndani ya koti, kwa hiyo gesi ilikuwa na joto. Aliweka jiko nyuma ya ukuta wa mawe, upepo ukapita juu yake, na sufuria ndogo ikachemka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kila mtu akapata kikombe cha uji wa masoso kabla ya kushuka. Wapagazi ndio waliopewa wa kwanza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuhitimisha kwa mbabula. Nikiendelea kuandika, lile nusu gunia linanirudia. Sehemu kubwa ya makala yanayochomwa Goma imetoka katika misitu ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo sisi wenyewe tunasema ni urithi wetu. Tulikuwa tunalipa ruhusa ya kuingia mbugani, kisha tunapandisha, mgongoni mwa mtu, miti ya mbuga ileile iliyogeuzwa makala. Jikoni mjini sina la kumwambia mama wa Birere, kwa sababu hana moto mwingine wa bei anayoiweza. Mlimani, kwa usiku mmoja wa matembezi tuliyoyachagua wenyewe, sioni tena namna ya kulitetea hilo.

Kwa hiyo, mkinilazimisha kutaja chombo kimoja, nitataja jiko dogo la gesi, lilelile ambalo majibu ya wenzangu yalinikera kwa kulitaja. Lakini nalitaja kwa masharti. Kopo lake halipandi ndege, si katika mkoba wa mkononi wala katika mizigo, kwa hiyo anayeahidiwa jiko na ndugu wa Ulaya aulize kwanza kopo linalolingana nalo atalipata wapi hapa, na asijaribu kujaza kopo dogo kutoka katika chupa kubwa ya jikoni. Akikosa makopo, lipo jiko la petroli la kupampu, ambalo mafuta yake yanauzwa na makadhafi, wale wauza petroli wa kando ya barabara, katika kila njia panda. Halisumbuliwi na baridi, ila linatoa masizi na mwali wake huruka juu linapowashwa, basi liwashwe mbali na hema na mbali na nyasi. Kizuizi cha upepo ni cha lazima, lakini kisizungushwe kukumbatia kopo la gesi, kwa maana joto likirudi kwenye kopo linaweza kulipasua. Usiku kopo lilale katika nguo na mtu, na likiisha lirudi Goma.

Kuhusu sufuria sina mengi: mtu mmoja au wawili watatosheka na ya lita moja, wanne na ya lita mbili, iwe pana kitako na yenye mfuniko unaokaa vizuri, na ile ya soko la Virunga inatosha. Muhimu zaidi ni ile ndoo ya maharagi yaliyoiva, kwa sababu ndiyo iliyotupunguzia maji, moto na mzigo kuliko chombo kingine chochote.

Kisiwani Idjwi, au katika kijiji cha kando ya ziwa ambako mnafikia kwa jamaa na moto wao umekwisha kuwashwa uani, acheni jiko la gesi nyumbani na mpeleke unga. Na kule juu msijaribu kusonga bugali juu ya jiko la gesi, maana litaanguka na mtu ataungua; chukueni makaroni au unga wa uji. Ikiwa kikundi ni kikubwa na hakiwezi kulala bila bugali, basi mbabula ipande, makala yafungwe katika plastiki yasilowe, na mpagazi alipwe mzigo huo kando, fedha mkononi, kabla hamjaanza kupanda.