Birika lenye magamba meupe

Dada wa Embakasi, Nairobi, uliyeniuliza kuhusu maji ya nyumbani kwako, hayo magamba meupe unayoyaona birikani na sabuni isiyotoa povu ni kazi ya chokaa ndani ya maji. Nashuku mwenye nyumba anawafungulia maji ya kisima, maana ya bomba, yale ya bwawa la Ndakaini, ni laini, yaani hayana chokaa nyingi. Muulize keateka, yule mtunza jengo, hao huwa hawafichi kitu. Birika si shida: siki nusu, maji nusu, chemsha, acha saa moja, suuza.

Kinachonitia wasiwasi ni huyo mtoto wako wa miaka 3 uliyemtaja. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno madoa ya kahawia yasiyotoka, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yake ya kunywa na ya uji yatafute kwingine.