Re: Nashindwa kukataa michango ya harusi, halafu najichukia

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unaandika ahadi ya elfu 50 kwenye grupu usionekane bahili, siku ya kulipa inafika huna kitu, unakopa kwenye simu, kisha usiku unajitukana.

Kabla ya kuhangaika na roho, angalia hilo deni la simu. Mkopo wa muda mfupi wenye makato unamfanya mtu ajione mjinga hata kama siye. Limalize kwanza, usiahidi kipya.

Nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati hizi, nakuambia ukweli: anayetuumiza kichwa ni aliyeahidi halafu akazima simu, maana ukumbi na mpishi tumeshawapangia hesabu kwa ahadi yake. Aliyesema mapema "ndugu zangu, safari hii sina, nitakuja kupanga viti" hatumsemi. (Na wapanga viti ni adimu, amini.)

Kwa hiyo mwandikie mwenyekiti leo, faragha, siyo kwenye grupu: 50 sitaiweza, nitatoa 10 mwisho wa mwezi. Basi. Ukianza kueleza ada na kodi ya nyumba unafungua mjadala.

Yale matusi ya usiku hayakatiki mara moja. Mimi hujiuliza: mdogo wangu akikosa hela ningemwambia hivi? Nikishajijibu, nageukia ukutani nalala.

Kama harusi yenyewe ni ya ukweni, hapo sina uzoefu. Kaa na shemeji yetu, yaani mwenzi wako, kabla hujatuma ujumbe wowote.