Usimtoe kambini kwa sababu ya ugomvi wa rede

Dada, pole. Umesema binti yako wa miaka 9 anarudi kutoka kambi ya likizo analia kwa sababu ya ugomvi kwenye mchezo wa rede, na unafikiria kumtoa. Mimi husimamia michezo ya watoto wakati wa likizo. Kwa hilo pekee, ningemwacha aendelee.

Rede haikosi mabishano. Warushaji wanasimama pande mbili, na aliye katikati anakwepa mpira wao wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa; ukimgusa, ametoka. Mpira ukipita karibu na gauni, mmoja anapiga kelele "umekugusa!", mwingine "haujanigusa!" Refa hakuna. Wasipoelewana mchezo umekufa, na wote bado wanataka kucheza. Hapo ndipo mtoto anajifunza kujieleza, kusikiliza, kukubali kutoka na kusubiri zamu yake. Mkubwa akiwahi kuamua, anawanyima nafasi hiyo.

Ongea na msimamizi: wakubaliane sheria kabla ya kuanza (gauni likiguswa, ametoka au la?), wakibishana mpira urushwe upya, na warushaji wabadilishane. Nyumbani usimuulize nani alikosea. Muulize, "Mlimalizaje?"

Ila akipigwa, akitengwa kila siku na watoto walewale, au akianza kukojoa kitandani na kukataa kabisa kwenda, huo si ugomvi wa mchezo tena. Mtoe kwanza, kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania.